Kufuturu Kimuli na Kula Daku Makka



Ndugu wasomaji, barua nyingi hutufikia kila mwezi zikiuliza habari za sala, za ndoa na za mirathi, nazo tutaendelea kuzijibu kwa kadiri atakavyotuwezesha Mwenyezi Mungu. Lakini mwezi huu tumepokea barua itokayo Kimuli, huko Karagwe na Kyerwa katika mkoa wa Kagera, ambayo kwa sura yake ni swali la hesabu tu, ila ndani yake mna ugomvi wa nyumba nzima. Tumeona ukurasa huu tumpe mwenye barua hiyo peke yake.

Mwandishi ni kijana anayeishi na bibi yake. Bibi huyo amekusanya fedha za buni msimu baada ya msimu, na sasa ametia nia ya kwenda kufanya Umra katika mwezi wa Ramadhani. Ni mtu mzima, miguu humvimba akikaa kitako sana, na anatumia dawa kwa saa maalumu. Mjukuu akatazama katika simu yake, akaona kuwa kutoka Dar es Salaam hata Jidda ni mwendo wa saa nne na nusu kwa ndege. Akamwambia bibi yake kwa furaha, “Bibi, utafuturu hapa Kimuli, na daku utakula Makka.” Shangazi yake aliposikia hayo alikasirika, akasema kwamba kijana anamdanganya mzee, na kwamba safari ile ni ya siku tatu. Sasa watu wa nyumba wamegawanyika mafungu mawili, na bibi mwenyewe ameanza kusitasita. Kijana anauliza, “Sheikh, shikamoo. Nani kati yetu ana haki?”

Marahaba, mwanangu. Jibu langu ni kuwa wewe umesema kweli juu ya ndege, na shangazi yako amesema kweli juu ya safari. Kosa lako ni kulipima jambo la pili kwa kipimo cha jambo la kwanza. Na kwa kuwa anayekwenda ni bibi yako wala si wewe, kosa hilo laweza kumgharimu afya yake, na hata ibada yake, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tuuangalie umbali wenyewe, kwani huo haubadiliki kwa ubora wa ndege wala kwa ubaya wa barabara. Kama mna atlasi katika shule ya hapo, ifungueni kwenye ramani ya Afrika na Bara Arabu, mtafute mstari wa nyuzi 39 mashariki. Mtaona ajabu. Tanga, Unguja na Dar es Salaam zimo juu yake au ubavuni pake. Mombasa iko kando kidogo. Ukipanda kaskazini utaikuta Addis Ababa, kisha Asmara, kisha ng’ambo ya Bahari ya Sham utaikuta Jidda, na Madina haiko mbali na mstari huo. Miji yote hiyo ni kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Basi anayeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Jidda haendi mashariki wala magharibi kwa kiasi cha kutajwa. Anakwenda kaskazini moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo hesabu yake ni nyepesi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, na Jidda iko nyuzi 21 na zaidi ya nusu kaskazini. Kati yao ni nyuzi 28 na nusu hivi. Duara la dunia ni kama kilomita 40,000, na ukiligawanya kwa nyuzi 360 kila uzi hupata kilomita 111. Zidisha 111 kwa 28 na nusu, utapata kilomita 3,160 na kitu. Hukuhitaji simu.

Kipimo hiki cha uzi mmoja wa dunia si kigeni kwa Waislamu. Khalifa al-Ma’mun, aliyetawala Baghdad toka mwaka 813 hata 833, aliwatuma wataalamu wake katika uwanda wa Sinjar, wakaenda kaskazini na kusini wakipima ardhi kwa kamba, hata ile nguzo ya mbingu ilipopanda au kushuka kwa uzi mmoja wakasimama, wakahesabu maili walizokwenda. Walipata maili 56 na theluthi mbili kwa maili zao. Watu wale walitembea kwa miguu, wakivuka mawe na miiba, ili sisi leo tuweze kukaa kivulini Kimuli na kuhesabu mwendo wa ndege.

Basi ndege kubwa ya abiria, ikiwa juu, huenda kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Gawanya 3,160 kwa 850, utaona saa tatu na dakika 43. Mbona basi wasema saa nne na nusu? Kwa sababu ndege haianzi mwendo wake wote pale inapoacha ardhi. Hupanda polepole, na hushuka polepole zaidi; hufuata njia za angani zilizopangwa, wala si mstari wa rula; upepo wa mbele huirudisha nyuma na upepo wa nyuma huisukuma; na mara nyingine huzungushwa juu ya mji ikingoja zamu ya kutua. Vita navyo hurefusha njia. Vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga la nchi ile lilifungwa kwa ndege za abiria, na zile zilizokuwa zikikatiza hapo zikalazimika kuzunguka.

Tena, angalia sana jinsi unavyoisoma tikiti. Saa zilizoandikwa humo ni saa za kila mji wenyewe. Dar es Salaam na Jidda zina saa moja, kwa hiyo hapo huwezi kukosea. Lakini wasafiri wengi hupitia Dubai, na saa ya Dubai iko mbele kwa saa moja. Ukihesabu kutoka saa ya kuondoka hata saa ya kufika, safari ya kwenda itaonekana ndefu kuliko ilivyo, na ya kurudi itaonekana fupi, nayo ni ile ile. Na huko Dubai kwenyewe ni kuzunguka: kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 4,000, kisha kurudi magharibi kilomita 1,700 hata Jidda. Jumla ni zaidi ya kilomita 5,600, badala ya 3,160. Apitiaye Addis Ababa hapotezi njia hata kidogo, kwani mji huo umo ndani ya uzi ule ule nilioueleza. Anapoteza muda wa kungoja tu. Mzee mwenye miguu inayovimba, tazama kwanza atangoja saa ngapi kati ya ndege na ndege, kabla hujatazama bei.

Sasa nije kwenye haki ya shangazi yako. Yeye hakuhesabu kutoka Dar es Salaam. Amehesabu kutoka mlangoni pa nyumba yenu.

Kutoka Kimuli hata Dar es Salaam, kwa njia ya Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilomita 1,400 za barabara. Basi haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Hata kama lingekwenda mwendo huo bila kusimama, bila mtu kushuka kula, bila mizani wala pancha, ni saa 17 na nusu. Na nani amepata kuliona basi kama hilo? Kwa hakika ni usiku na mchana. Kisha bibi apumzike walau siku moja kwa jamaa zenu. Kisha awe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka. Kisha ndege. Kisha foleni ya Jidda, ambayo katika Ramadhani si fupi. Kisha kilomita kama 80 za gari hata Makka. Ukijumlisha utaona siku tatu za shangazi, na ndani yake zile saa nne na nusu zako ni kama chumvi katika sufuria.

Tena kuna jambo ambalo hamkuligusa ninyi nyote wawili. Mtu wa Kimuli anayekwenda Dar es Salaam ili aende Makka, huipa Makka mgongo. Kutoka Kimuli hata Makka kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,700 tu. Bibi yako akitoka uwanja wa Dar es Salaam, baada ya robo tatu ya saa angani atakuwa usawa wa nyumbani kwake, ila kijiji kitakuwa mbali upande wa kushoto, zaidi ya kilomita 900. Siku mbili za basi zimempeleka kusini na mashariki, na dakika 45 za ndege zimemrudisha usawa ule ule. Je, mmefikiria Entebbe? Kwa kupitia Murongo na Mbarara, au kupitia Kyaka na Mutukula, ni safari ya mchana mmoja, na kutoka Entebbe hata Jidda ni kama kilomita 2,500. Kwa Hija nisingekuambia hivyo, kwani Hija huendwa kwa fungu la kila nchi na kwa taratibu zake, na mahujaji hutoka pamoja na wenzao. Lakini Umra ina nafasi pana zaidi. Ulizeni juu ya viza na hati za kuvukia mpaka mapema, msije mkalijua jambo mkiwa darajani. Wengine watawashauri uwanja wa Bukoba ili aende Dar es Salaam kwa ndege. Huko ni kama kilomita 1,000 kwa anga, na kwa mzee ni nafuu kubwa kuliko basi. Ila mtie akilini kuwa ndege ile hungoja ziwa na mawingu. Sote twaikumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja huo, wakafa watu 19, Mungu awarehemu. Rubani akisema tungojee hali ya hewa, mtu asinung’unike kwamba saa zake zinapotea.

Nimekumbuka habari ya Karagwe ya zamani. Mwingereza Speke aliondoka pwani ya Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1860, akafika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, mwezi wa Novemba 1861. Mwaka na mwezi mzima, kwa magonjwa, kwa hongo na kwa wapagazi waliotoroka. Wafanya biashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, huko huko Karagwe, nao walikuja kwa njia ile ile ya Tabora. Kutoka hapo kwenda Hija ilikuwa kwanza kushuka pwani kwa miguu, kisha kungoja pepo za kusi ziivushe jahazi kaskazini. Umbali wao ulikuwa huu huu wa bibi yako, haukupungua hata shibri.

Tuje sasa katika ibada, kwani hapa ndipo hesabu mbaya inapodhuru.

Ulimwambia bibi yako kuwa atakuwa msafiri akishapanda ndege. Sivyo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wameuweka mwendo wa kupunguza sala kuwa marhala mbili, nazo ni maili 48 za Kihashimu, na kwa vipimo vya leo wengi wameukadiria kati ya kilomita 80 na 90. Kutoka kwenu hata Bukoba tu kumezidi hapo. Basi tangu anapoyapa mgongo majumba ya Kimuli, hali naye amekusudia safari yake, ruhusa imemfikia: ya kupunguza sala za rakaa nne, na ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Wazee wetu wengine huona haya kuitumia, wakidhani ni ruhusa ya wavivu, au kwamba iliwekwa kwa ajili ya watu wa ngamia. Sayyidna Umar naye aliliuliza jambo hili kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akaambiwa kuwa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwetu, basi ipokeeni. Hakuulizwa amechoka au hakuchoka.

Katika saumu kuna sharti moja ambalo watu wa mabasi yafaa walijue. Kwa madhehebu yetu, mwenye kuanza safari kabla ya alfajiri ana ruhusa ya kutofunga siku ile. Ama aliyepambazukiwa nyumbani hali amefunga, kisha akatoka, huikamilisha siku ile. Wako wanavyuoni wa madhehebu nyingine waliompa huyo naye ruhusa. Na mgonjwa ambaye funga inamdhuru ana ruhusa yake mwenyewe, hata akiwa kitandani pake. Bibi yako ana dawa za saa maalumu, basi muulizeni daktari wake kabla, si njiani.

Akichagua kufunga, atafuturu saa ngapi? Ninyi wa Kimuli mnalijua jambo hili kuliko watu wa pwani. Redio ya Dar es Salaam inapoadhini Magharibi, kwenu jua bado liko juu ya vilima, na mnangoja kiasi cha nusu saa, huzidi na kupungua kwa majira. Saa ya ukutani ni moja, lakini jua haliisomi saa hiyo. Angani ni vivyo hivyo: msafiri hufuturu kwa jua analoliona yeye, si kwa saa ya alikotoka wala ya anakokwenda. Naye akiwa juu kilomita 11, jua humkawilia dakika 12 au zaidi baada ya kuwazamia walio chini yake. Mwaka 2011 wanavyuoni wa Dubai waliwaambia wakaao katika jumba refu la Burj Khalifa, juu ya ghorofa ya 80, wangoje dakika mbili zaidi, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje tatu. Ikiwa ghorofa ina hukumu, ndege je?

Na majira nayo yana kazi yake. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hata ikazunguka miezi yote. Ikiangukia Juni, jua la Jidda huzama karibu saa nzima baada ya lile la Dar es Salaam, na anayeruka alasiri kwenda kaskazini atauona mchana unarefuka mbele yake. Ikiangukia Disemba ni kinyume, atafuturu mapema kuliko jamaa zake aliowaacha. Mwambieni bibi mambo haya kabla, asije akamdhania mhudumu wa ndege kuwa amemfutarisha kabla ya wakati, au kuwa amemcheleweshea.

La mwisho ni ihramu, na hapa nitasema siri yangu. Safari yangu ya kwanza niliambiwa, kama ulivyomwambia bibi yako, kuwa ni saa chache tu. Nikaona hakuna haja ya haraka, nikazitia nguo zangu za ihramu katika sanduku kubwa, na sanduku likaingia tumboni mwa ndege. Tulipotangaziwa kuwa mikati inakaribia, wenzangu wakanyanyuka wamevaa nyeupe, mimi nimekaa na kanzu yangu, na suruali chini yake. Niliwahi kutia nia, lakini nilishuka na mavazi yaliyoshonwa, na fidia ilinipasa. Ilikuwa ni hesabu mbaya ya saa, hakuna zaidi.

Ndege hukata kilomita 14 kwa kila dakika moja. Yalamlam, mikati ya watu watokao upande wa kusini, iko kama kilomita 100 kutoka Makka. Mwenye ngamia aliifikia, akashuka, akaoga, akasali, akalala. Wewe utaipita au kuwa usawa wake katika muda wa kunywa kikombe cha chai, na aliyesinzia hatajua. Bibi yako ni mwanamke, na ihramu yake haina nguo ya namna moja. Nguo zake za stara zinatosha, asifunike uso kwa nikabu wala asivae glavu. Kwake shida si nguo, shida ni nia na talbiya kwa wakati wake. Aoge nyumbani au mapumzikoni kabla ya kwenda uwanjani, na wewe, au yeyote atakayekaa naye, amwamshe ndege itakapotangaza, au nusu saa kabla ya kutua ikiwa haikutangaza.

Huku mkingoja siku hiyo, mpelekeni apate chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Serikali ya Saudia hutaka iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Dawa zake ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku. Ndani ya ndege asimame atembee kidogo kila saa, hata kama ni hadi mlango wa choo na kurudi, na maji asiyaogope ikiwa hakufunga.

Na umwombe radhi shangazi yako. Kisha mwonyeshe bibi jambo moja ambalo hamhitaji ndege kulijua. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini hasa. Chenu Kimuli kimeelekea kaskazini na kuinama mashariki kwa nyuzi kama 20. Akisimama kwenye mswala wake Alfajiri, mstari unaotoka mbele ya paji la uso wake ndio zile kilomita 2,700 zenyewe, na njia fupi kuliko hiyo haipo juu ya mgongo wa ardhi.

Nijulishe mmechagua Entebbe au Dar es Salaam, na mwezi wa kuondoka, nami nitawaandikia nyakati za kuzama jua kwa siku hiyo.

Wallahu aalam. Wassalaamu alaikum.